Simu Kando ya Sikio la Mtoto, Baa Nyuma ya Ukuta

Wazazi vijana wa Kampala siku hizi wanamlaza mtoto kwa simu. Hawamwonyeshi picha, wanampigia mvumo mweupe, ile sauti ya "shhh" isiyopanda wala kushuka, kama redio iliyopoteza stesheni, iliyorekodiwa kwa saa nane au kumi mfululizo. Wengine huchagua mvua, wengine feni, wengine maporomoko ya maji. Mtoto analia, simu inawashwa, na mara nyingi kilio kinakatika. Mzazi aliyekesha usiku baada ya usiku akiona hivyo haoni sababu ya kuuliza zaidi, na mimi simlaumu.

Nawaandikia wenzangu wanaotumia Kiswahili nyumbani hapa Uganda, walioko kambi za polisi, Kisenyi, Katwe na Bombo, pamoja na ndugu zetu kutoka Kongo wanaoishi makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Habari nyingi tunazosoma kuhusu mvumo huu zimeandikwa kwa mzazi mwenye chumba cha peke yake cha mtoto, zulia sakafuni, na mtaa unaonyamaza saa tatu usiku. Sisi hatuishi hivyo. Msimamo wangu ni huu: mvumo wa chini, kwa muda mfupi, mbali na kichwa cha mtoto, sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza pale tunapoufanya kuwa ukuta wa kuzuia kelele za mtaa. Kazi hiyo hauiwezi, na anayelipia ni mtoto.

Kwanza tuupe haki yake. Mwaka 1990 madaktari wa London walichapisha jaribio dogo la watoto 40 wenye umri wa siku 2 hadi 7. Nusu walisikilizishwa mvumo mweupe, nusu wakaachwa bila kitu. Ndani ya dakika 5, watoto 16 kati ya 20 waliosikia mvumo walikuwa wamelala. Kwa wale wengine walilala 5 tu. Tofauti hiyo ni kubwa, na mzazi aliyejaribu nyumbani ameiona kwa macho yake. Lakini angalia vizuri kilichopimwa. Ni mtoto kushikwa na usingizi ndani ya dakika tano. Jaribio hilo halikupima kama atalala hadi alfajiri, wala kitakachotokea mvumo ukiachwa usiku kucha kwa miezi. Rekodi za saa kumi zinazojaa kwenye simu zetu zimebeba sifa za jaribio la dakika tano na kuzitandaza juu ya usiku mzima.

Sababu ya kufanya kazi si ya ajabu. Ndani ya mvumo mweupe mna sauti za kila daraja, kuanzia nene kabisa hadi nyembamba kabisa, zote kwa nguvu sawa. Ubongo wa mtu aliyelala unaamshwa zaidi na mabadiliko kuliko na sauti yenyewe: mlango unaobamizwa, sufuria inayoanguka, boda inayowashwa uani. Mvumo ukiwa tayari upo masikioni, vishindo vidogo vinazama humo. Mtoto mchanga, ambaye hurusha mikono na kushtuka kwa jambo dogo, anafaidi zaidi. Sote tuliokulia chini ya mabati tunajua jinsi mvua ya usiku inavyolaza nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Utasikia pia kwamba mvumo unamrudisha mtoto tumboni mwa mama. Hapa natia shaka. Ni kweli tumboni hakuna kimya: damu inapita, moyo unapiga, utumbo unanguruma, na mtoto anaanza kusikia miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Lakini nyama na maji ya uzazi huchuja sauti nyembamba na kupitisha zile nene. Kinachomfikia mtoto ni ngurumo ya chini. Spika ya simu ni kinyume chake: kwa udogo wake haiwezi kutoa sauti nene, kwa hiyo kinachotoka ni mlio mwembamba wa juu. Anayekuuzia mlio huo kwa jina la tumbo la mama anakuuzia jina tu.

Kabla ya kulaumu usingizi wa mtoto, ni vizuri kujua usingizi wake ulivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miezi 3 anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16, mchana ukihesabiwa. Ni saa nyingi, ila huja vipande vipande. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga ni kama saa moja hivi, na tumbo lake ni dogo, hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana inaanza kujipanga kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Kwa maneno mengine, mtoto wa wiki tatu anayeamka usiku hana kasoro yoyote, ameamka kula. Mvumo unaomfanya apitilize kunyonya katika wiki hizo za kwanza, wakati uzito wake bado unafuatiliwa kliniki, haumsaidii yeye. Unamsaidia mzazi, na ni haki ya mzazi kusaidiwa, lakini tujue ni nani anayesaidiwa.

Sasa niwaonyeshe kilichonifanya nishike kalamu. Kuna dada mmoja, mzaliwa wa Bukavu, anauza vitenge na anakaa Katwe katika muzigo wa chumba kimoja, kama futi kumi kwa kumi. Kitanda kimoja, pazia katikati, jiko la mkaa karibu na mlango, masanduku ya vitenge yamepandana hadi karibu na dari. Ukuta wa nyuma anachangia na baa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi miwili nilipokwenda kumpa hongera. Juu ya kitanda kuna chandarua, na kwenye fundo la chandarua, pale nyavu zinapokutana, alikuwa amefunga kwa kamba kispika cha bluetooth, kile cha duara chenye taa ya buluu. Kimening'inia moja kwa moja juu ya uso wa mtoto, na kati yake na sikio pangeingia shubiri moja na nusu, si zaidi. Kinavuma kwa nguvu zake zote.

"Kaka, nikikizima anaamka," aliniambia.

"Na ukikipunguza, dada?"

"Nikikipunguza, ile ngoma ya huko nyuma inaingia."

Tulikuwa tumekaa mkono kwa mkono, na bado ilitubidi kupaza sauti ili tusikilizane. Mtoto amelala. Na pamoja na mvumo wote ule, kifuniko cha sufuria juu ya jiko kilikuwa kinalia kwa kila pigo la besi kutoka baa. Kile kifuniko ndicho kilichoniambia kwamba dada huyu anapigana vita asivyoweza kushinda.

Kuna kanuni ya sauti ambayo wauzaji wa vispika hawaisemi. Sauti huificha sauti nyingine vizuri zaidi iwapo ziko katika daraja moja, na inayoficha lazima iwe na nguvu zaidi. Sauti nene huweza kufunika nyembamba, lakini nyembamba haifuniki nene. Muziki wa baa, ukishapita kwenye ukuta wa matofali, huacha nyuma maneno ya mwimbaji na vinanda vyote. Kinachopita ni besi, kwa sababu sauti nene hupenya kuta na kutikisa mabati bila shida. Yaani kinachomfikia mtoto ni sehemu ile ile ambayo simu na kispika kidogo haviwezi kuitoa. Mzazi anaongeza sauti, besi bado ipo. Anaongeza tena, besi bado ipo. Kila anapoongeza, kinachozidi ni mlio mwembamba kwenye sikio la mwanawe. Mvumo wa simu unafunika vizuri mazungumzo ya uani, vyombo, mlango, jogoo. Ngoma ya baa hauigusi.

Na huko kuongeza kuna gharama iliyopimwa. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walichapisha vipimo vya mashine 14 za kulazia watoto zilizofunguliwa hadi mwisho. Kwa umbali wa sentimita 30, na hata wa mita 1, zote 14 zilivuka desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kisipitwe katika wodi za watoto wachanga. Mashine 3 zilivuka desibeli 85. Kiwango hicho cha 85 si kigeni kwa mtu aliyefanya kazi kiwandani: ndicho ambacho mfanyakazi mtu mzima haruhusiwi kukaa nacho zaidi ya saa 8 bila kinga ya masikio. Mtoto analala zaidi ya saa 8, hana kinga, na hawezi kuinuka aondoke.

Namba za desibeli hudanganya macho, kwa hiyo nizifafanue. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti inazidishwa mara 10. Kutoka 50 hadi 85 si ongezeko la asilimia 70, ni nguvu zaidi ya mara 3,000. Ndani ya sikio, kazi ya kupokea nguvu hiyo inafanywa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Mfereji wa sikio la mtoto mchanga nao ni mfupi na mwembamba kuliko wetu, na kwa umbo lake hukuza sauti nyembamba zaidi. Hivyo kile kile ambacho kispika kidogo hutoa kwa wingi ndicho sikio dogo linachokikuza. Sisemi kwamba mtoto wa yule dada ameharibikiwa masikio, sijampima. Nasema kwamba kwa mpangilio ule, tulikuwa tumebaki kutegemea bahati.

Wataalamu wa nje wanashauri mashine iwekwe mita 2 kutoka kwa mtoto. Ni ushauri mzuri, na katika muzigo ni mgumu kuutekeleza. Chumba cha futi kumi hakikupi mita 2 za kucheza nazo ukishatoa kitanda na masanduku. Tena kuta tupu za plasta na dari ya mabati hurudisha sauti ndani, haimezwi kama inavyomezwa na mapazia mazito na zulia. Umbali ukikosekana, kilichobaki ni kupunguza sauti na kupunguza muda. Weka simu karibu na mlango, juu ya sanduku la vitenge kama lipo maana kitambaa kinameza mtikisiko, isigusane na kitanda, isiwe ndani ya chandarua. Simu isiwekwe ndani ya kikombe wala bakuli, ingawa najua wengi hufanya hivyo ili isikike. Ukisimama pale kichwa cha mtoto kilipo na ukazungumza kwa sauti ya chini, mwenzako akiwa hatua moja kutoka kwako anapaswa kukusikia bila kuuliza "unasemaje?" Akiuliza, punguza. Programu za simu za kupima desibeli si sahihi sana lakini zinatosha kukuonyesha kama uko karibu na 50 au karibu na 80. Mtoto akishalala fofofo, zima. Na kama unatumia bando, ipakue rekodi mara moja uicheze simu ikiwa katika hali ya ndege. Kodi ya asilimia 12 juu ya bando inatosha kutuumiza bila kulipia mvumo usiku kucha, na lile tangazo linaloruka katikati kwa sauti kali limewahi kuamsha watoto wengi kuliko baa.

Kuna njia nyingine tunazo na tunazidharau kwa sababu hazina taa ya buluu. Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwaomba akina mama wawabebe watoto wao zaidi ya kawaida, hata wasipokuwa wanalia. Watoto wa wiki sita, umri ambao kilio hufika kileleni, walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Mwaka 2022 watafiti wa Japani waliona kwamba mtoto anayelia, akibebwa mama akitembea kwa dakika 5 mfululizo, mara nyingi hulala. Kisha mama akikaa naye dakika 5 hadi 8 nyingine kabla ya kumlaza, nafasi ya kuamka anapowekwa chini inapungua. Bibi zetu waliofunga mtoto mgongoni kwa kitenge wakaenda kisimani hawakuandika jarida, ila wangeyatambua matokeo haya. Shida ni kwamba mgongo unahitaji mtu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi na baba siku 4, tena ni kwa walioajiriwa. Muuza vitenge hana hata moja. Kabla hatujamwambia mama aache simu ambebe mtoto, tumuulize baba yuko wapi saa saba usiku, na shangazi, na jirani. Mwanamume anaweza kufunga mtoto mgongoni. Nimewaona wanaofanya, na hakuna kilichowapungukia.

Tena kuna njia mbaya zaidi ambazo mzazi aliyechoka huzikimbilia, na nikizilinganisha na mvumo, naona mvumo ni nafuu mara mia. Wapo wanaompa mtoto dawa ya maji ya mafua kwa sababu inaleta usingizi. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za kikohozi na mafua za madukani zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, kwa madhara yanayoweza kufika hadi kifo. Na lipo lile la ebinyo, meno ya plastiki kama wengine wanavyoyaita: mtoto analia, ana homa, anaharisha, haijulikani sababu, anapelekwa kwa mtu anayechimba ufizi kwa sipoku ya baiskeli kutoa mbegu za meno zinazodhaniwa kuwa ugonjwa. Watoto hutoka damu, huingiwa na vijidudu, wengine hufa. Kilio kisicho na maelezo kinatisha, na hofu inamfikisha mtu mzima mahali asipopakusudia. Kwa hiyo, simu ikimtuliza mtoto na kumpa mama nusu saa ya kupumua, naipokea kwa mikono miwili.

Ila hapo hapo pana sharti. Mvumo haumtibu mtoto mgonjwa. Mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayedegedeka, aliyelegea asiyeamshika vizuri, au mwenye umri wa chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapelekwa kituo cha afya usiku ule ule. Katika nchi ya malaria kama yetu, kumtuliza tu mtoto wa namna hiyo kwa sauti ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

La mwisho kuhusu masikio, ambalo kwangu ni zito kuliko wengi wanavyodhani, ni mvumo wa mchana. Nyumba zingine kispika hakizimwi. Mtoto akiamka kinaendelea, akinyonya kinaendelea. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walilea vitoto vya panya ndani ya mvumo usiokatika, na sehemu ya ubongo inayochambua sauti ikachelewa kukomaa. Walipoondolewa kwenye mvumo, iliendelea kukomaa. Panya si mtoto, na mvumo wao haukukatika hata kidogo, kwa hiyo siutumii utafiti huo kumtisha mtu. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima watoto wenyewe, wa takriban miaka miwili, wakaona wanashindwa kushika maneno mapya pale maongezi ya watu wengine yanapovuma nyuma kwa nguvu. Mtoto wa Katwe anajifunza Kiswahili kwa mama, Kiganda kwa jirani, labda Kishi kwa bibi anapopiga simu kutoka Bukavu. Ana kazi kubwa ya kupambanua sauti kuliko mtoto wa lugha moja. Saa anazokuwa macho ni saa za kusikia midomo ya watu. Na kumbembeleza kwa wimbo, hata kwa sauti mbovu, kunamlaza na kumpa maneno kwa wakati mmoja.

Sasa turudi nyuma ya ukuta, kwa mwenye baa. Uganda haikukosa sheria. Kanuni za Taifa za Mazingira kuhusu viwango na udhibiti wa kelele zilitolewa mwaka 2003, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo yenye dhamana. Kwa mujibu wake usiku huanza saa nne na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na viwango vya usiku kwa maeneo wanakoishi watu viko chini ya desibeli 50. Yaani serikali ilikwisha kubali, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwamba nje ya nyumba ya yule dada usiku panapaswa kuwa patulivu kuliko kiwango cha juu kinachopendekezwa wodini. Kanuni hizo zingefuatwa, kispika kisingefungwa kwenye chandarua. Kingetosha kidogo tu karibu na mlango, au kisingehitajika.

Hazifuatwi, na kila mkazi wa Kampala anajua. Baa moja hufungwa wiki hii kwa kishindo, nyingine mbili zinafunguliwa. Vipaza sauti vya mtaani vilivyofungwa juu ya miti vinatangaza mazishi, mbuzi aliyepotea na dawa za minyoo kuanzia alfajiri. Makanisa ya mkesha, misikiti yenye spika inayopasua, wauza sidii: kila mmoja ana sababu yake na kila mmoja anaona kelele ni ya mwenzake. Wakaguzi huenda zaidi Kololo na Bugolobi, kwa watu wenye namba ya simu ya mkurugenzi. Katwe na Bwaise, ambako kuta ni nyembamba zaidi na watoto wamelala wengi zaidi kwa kila chumba, mzazi anaambiwa anunue kispika. Hili ndilo linalonikera hasa. Tatizo la umma limefungwa kwa kamba juu ya uso wa mtoto wa miezi miwili, na tukaliita malezi ya kisasa.

Sisubiri NEMA peke yake. Kuna mambo ambayo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anaweza kuyamaliza kwa kikao kimoja bila kufunga biashara ya mtu. Spika ya besi iliyobanwa kwenye kona au kuegemezwa ukuta wa jirani hutoa besi kubwa zaidi, kwa sababu ukuta wenyewe unageuka kuwa sehemu ya spika. Ikihamishwa ukuta wa pili, ikawekwa juu ya kitu laini badala ya sakafu ya saruji, na kile kitufe cha besi kwenye mashine kikashushwa ifikapo saa nne, wateja wataendelea kucheza na kifuniko cha sufuria kitanyamaza. Mwenye baa hapotezi hata chupa moja. Nilimwambia dada aende na majirani wengine wenye watoto, wasiende mmoja mmoja, na waende mchana kabla bia haijaanza kumiminwa, wamsalimie vizuri na wamwombe kitu hicho kimoja kwa jina: "Mzee, tunakuomba uihamishe ile spika." Akikataa, ombi liandikwe, liwekwe saini na tarehe, nakala kwa mwenyekiti, nakala kwa ofisi ya mazingira ya divisheni. Wakati wanasubiri jibu, tulikifungua kispika kutoka kwenye chandarua tukakipeleka juu ya sanduku karibu na mlango, sauti tukaishusha hadi nusu, na kitanda tukakivuta kutoka ukuta wa nyuma hadi ukuta wa upande wa uani.